Simu Tuitakayo Amu, na Sababu ya Matakwa Yake Kugombana

"Simu yangu inauona mnara. Mbona mnara hauioni simu yangu?"

Aliniuliza hivyo nahodha mmoja wa mashua ya uvuvi, tumekaa kwenye ukuta wa pwani hapa Amu, yaani mji wa Lamu, tukingoja maji yajae. Mimi ndiye niliyeanza. Nilimwambia, "Ami, tuseme kuna mtu anataka kukuundia simu ya kesho, iwe upendavyo wewe. Ungetaka iwe na nini?" Nilitaraji ataje kamera, au bei. Yeye akanisimulia usiku mmoja wa kaskazi alipokuwa nje ya mwamba, injini imezima, kioo cha simu kinaonyesha vijiti viwili vya mtandao, na kila akipiga nyumbani simu haitoki. Alijaribu mpaka chaji ikaisha. Alfajiri mashua nyingine ikamvuta.

Tangu siku hiyo swali lile nimelizungusha mjini: kwa fundi wa simu mtaa wa Langoni, kwa mwalimu wa madrasa, kwa mama anayeuza mahamri asubuhi, kwa vijana wa boti zinazovusha watu kwenda Mokowe, upande wa bara. Majibu yamefanana kuliko nilivyodhani. Watu wanataka chaji ikae. Wanataka mtandao uwafuate baharini, kioo kisomeke juani, simu isife kwa maji ya chumvi, idumu miaka, na iwasikie wanaposema lugha yao. Simu ya kukunjwa hakuna aliyeitaja.

Nilipoanza kuyachambua matakwa haya nikagundua kwamba kila moja, likiwa peke yake, lina ufumbuzi. Shida ni kwamba yote yanataka kukaa ndani ya kitu kimoja chenye uzito wa gramu 200 hivi, yatumie betri moja, yatoe joto mahali pamoja na yalipiwe kutoka mfuko mmoja. Ombi moja likipewa nafasi, jingine linasukumwa. Ndiyo maana makala hii inakwenda ombi kwa ombi, nikieleza kila moja linagharimu nini.

Nianze na swali la nahodha, maana ndilo lenye mengi.

Vijiti vile vya mtandao hupima jambo moja tu: simu inausikia mnara kwa kiasi gani. Kama mnara nao unaisikia simu, vijiti havisemi. Na hawa wawili hawana koo sawa. Mnara una umeme wa kutosha na husema kwa makumi ya wati. Simu ya 4G imewekewa kikomo cha wati 0.2 hivi. Ni kama mtu aliyesimama Manda, kisiwa cha ng'ambo, adhana ikitoka Amu: anaisikia vizuri kupitia vipaza sauti, lakini yeye akijibu kwa kinywa chake, msikitini hakuna atakayemsikia. Vijiti viwili vya nahodha vilikuwa vya kweli. Mnara alikuwa akiusikia. Sauti yake ndiyo iliyokuwa haifiki.

Wavuvi wazee husisitiza kwamba kitochi, simu ndogo ya vitufe, hushika mtandao mbali kuliko simu kubwa, na vijana huwacheka. Wazee wana hoja. Simu za GSM, yaani mfumo wa 2G ambao kitochi hutumia, zile za mawimbi ya chini ziliruhusiwa kupaza sauti hadi wati 2, ijapokuwa kwa vipande vifupi vya muda, na hiyo ni mara 10 ya simu ya 4G. Lakini GSM ina mpaka wake mwingine. Katika mfumo ule simu nyingi hutumia wimbi moja kwa zamu, kila moja na kipande chake cha muda. Simu ikiwa mbali, sauti yake huchelewa kufika, kwa hiyo mnara huiambia ianze kusema mapema kidogo ili iangukie kwenye zamu yake. Kipimo cha kuanza mapema huishia kwenye umbali wa kilomita 35. Ukizidi hapo, sauti yako ingeangukia kwenye zamu ya mwenzio, basi mnara unakukataa hata kama unakusikia. Mfumo wa 4G unaweza kukubali simu iliyo umbali wa kilomita 100, lakini simu yenyewe koo lake ni dogo. Kwa hiyo baharini mmoja ana sauti lakini hana ruhusa, mwingine ana ruhusa lakini hana sauti.

Halafu kuna mviringo wa dunia. Mawimbi ya simu husafiri karibu kama jicho linavyoona, yakijikunja kidogo tu. Chukua mnara ambao antena yake iko mita 45 juu ya usawa wa bahari: mawimbi yake yatafika kilomita 28 hivi kabla ya bahari yenyewe kuinuka katikati na kuyaziba. Simu iliyo mkononi mwa mtu aliyekaa kwenye mashua, mita 2 juu ya maji, huongeza kilomita 6. Jumla ni 34. Sasa ipandishe simu hiyo hadi ncha ya mlingoti wa mita 9, nyongeza yake inakuwa 12 badala ya 6. Umepata kilomita 6 za bure kwa kamba na mfuko usiopitisha maji, simu moja ikining'inia juu na kugawa mtandao wake kwa simu iliyo chini. Nilipomweleza nahodha hesabu hii alinyamaza, akautazama mlingoti wa mashua yake kwa muda mrefu.

Zaidi ya hapo dawa ni moja, kuupandisha mnara wenyewe hadi angani, uwe setilaiti. Na hapo pwani yetu ina historia ambayo watoto wetu wangepaswa kufundishwa kwa fahari. Mashua inayotoka Amu kwenda Malindi hupita usawa wa Ngomeni, na pale baharini yamesimama majukwaa ya chuma juu ya miguu yake. Kutoka jukwaa la San Marco, Waitaliano walirusha setilaiti kati ya mwaka 1967 na 1988. Walipachagua kwa sababu pako karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia huipa roketi msukumo wa ziada, na mashariki yake ni bahari tupu. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha siku yake ya uhuru, ilirushwa pale setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza duniani kutumwa mahsusi kuchunguza miale ya X inayotoka kwenye nyota. Neno la Kiswahili lilipanda angani kutoka maji ambayo wavuvi wetu wanatega nyavu. Sioni sababu ya mvuvi wa pwani hiyo hiyo kuwa wa mwisho kufaidi setilaiti.

Simu kuzungumza na setilaiti moja kwa moja si ndoto tena. Mwaka 2022 Apple iliweka kwenye iPhone 14 uwezo wa kutuma ujumbe wa dharura kupitia setilaiti, kwa nchi chache. Mtumiaji huelekeza simu upande wa mbinguni ambako setilaiti inapita, na ujumbe mfupi huchukua kama sekunde 15 mahali palipo wazi. Mwaka huo huo ilirushwa setilaiti ya majaribio iitwayo BlueWalker 3 yenye antena ya mita za mraba 64, upana wa nyumba ya watu. Mwaka 2023 ilipitisha simu ya sauti iliyopigwa kwa simu ya kawaida ya dukani. Ukubwa ule wa antena ndio siri yote. Kwa kuwa simu haiwezi kupaza sauti, setilaiti lazima iwe na sikio kubwa. Starlink, mtandao wa setilaiti wa kampuni ya SpaceX, nao wana setilaiti zinazosema na simu za kawaida, zikizunguka chini kabisa, kilomita 360 hivi, ili zisikie vizuri. Lakini setilaiti iliyo chini hivyo huvuka anga yako kwa dakika chache tu, kwa hiyo zinahitajika nyingi zikipokezana.

Jambo ambalo matangazo hayalielezi vizuri ni hili: eneo linalomulikwa na setilaiti moja ni kubwa mno, na wote waliomo wanagawana njia ile ile. Ndiyo maana ujumbe mfupi huja kwanza, sauti baadaye, na video mwisho kabisa. Mtu akikuahidi kwamba utaangalia mpira wa moja kwa moja ukiwa katikati ya bahari kwa simu ya mkononi, muulize swali la pili. Lakini ombi la nahodha wala halikuwa video. Alitaka kusema maneno kumi: nipo hapa, injini imekufa, njooni. Ombi hilo ni dogo kwa setilaiti, na nadhani ndilo ombi la kwanza tunalopaswa kulidai kutoka kwa kampuni za simu na kwa wanaozipa leseni. Kwa leo, anayekwenda mbali ana njia ya zamani isiyotegemea kampuni ya simu, nayo ni kifaa kidogo cha dharura kinachotuma wito kwa mawimbi ya megahezi 406, yanayosikilizwa na setilaiti za uokoaji za kimataifa bila malipo ya mwezi.

Na kuna kitu ambacho tayari kipo mfukoni na wengi hawakitumii kwa kudhani kinataka bando. GPS, mfumo wa kujua mahali ulipo kwa setilaiti, haitaki bando, wala mnara, wala laini. Simu husikiliza tu. Setilaiti za GPS ziko kilomita 20,200 juu na hutangaza saa zao bila kukoma. Simu ikizisikia nne hupata mahali ilipo: tatu kwa ajili ya mahali penyewe, ya nne kwa ajili ya kusahihisha saa ya simu. Kinachotaka bando ni picha ya ramani. Ipakue ukiwa mjini, kisha weka simu kwenye hali ya ndege, na alama yako itaendelea kutembea juu ya ramani hadi Kiunga, kaskazini kabisa mwa pwani yetu. Alipoona hilo likifanya kazi, yule nahodha aliniambia, "Mwanangu, miaka yote hii nilikuwa nayo?" Nilihuzunika kumjibu ndiyo.

Hali ya ndege inatuleta kwenye chaji, ombi nililolisikia kuliko yote.

Watu hukumbuka enzi za kitochi, chaji ikikaa wiki. Nokia 1100, iliyotoka 2003 na kuuzwa zaidi ya milioni 250 ulimwenguni, ile yenye tochi kichwani, ilikuwa na betri ya mAh 850 (mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri inabeba). Simu nyingi za leo zina mAh 5,000. Betri imekua karibu mara 6, na chaji imeshuka kutoka wiki hadi siku moja. Hesabu hiyo peke yake inaonyesha kwamba tatizo liko kwa walaji. Kioo kikubwa kinachong'aa ndicho mlaji wa kwanza, kisha redio zinazotafuta mtandao, kisha programu zinazofanya kazi usingizini.

Mlaji wa pili ndiye anayetuumiza sana sisi. Simu inapousikia mnara kwa taabu hupandisha sauti yake hadi mwisho, na ikiukosa huzunguka ikitafuta, tena na tena. Baharini hufanya hivyo. Na mjini pia, kwa sababu nyumba zetu za kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene kama nusu mita, na mawimbi hufika ndani yakiwa hoi. Mtu aliyekaa dakani, yaani kwenye baraza ya mlangoni, ana mtandao, akiingia ndani unakufa. Simu iliyolala usiku kucha katika chumba cha ndani huamka imeshuka chaji bila kuguswa, na mwenyewe husema betri ni mbovu. Iweke dirishani, au iweke hali ya ndege, uone tofauti.

Kwa nini basi wasiongeze betri tu? Betri ya lithiamu-ioni ya kwanza kuuzwa, ya Sony mwaka 1991, ilibeba kama wati-saa 80 kwa kilo (wati-saa ni kipimo cha nishati). Leo ni 250 na zaidi. Kwa zaidi ya miaka 30 imekua mara tatu, na hiyo ni kazi kubwa. Waliofungua njia yake, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Ila matumizi yamekua kwa kasi kubwa zaidi. Hivi karibuni limekuja badiliko la maana, kutia silikoni kwenye upande wa betri uliokuwa wa grafiti. Kwa uzito ule ule silikoni hushika lithiamu kama mara 10 ya grafiti. Tabu yake ni kuvimba: ikijaa lithiamu huongezeka mara tatu ya ukubwa wake, ikitoka husinyaa, na kupumua huko huipasua. Wahandisi wamejifunza kuichanganya na kaboni ili ivimbe kwa adabu, na tangu 2023 simu za namna hiyo zimeanza kuuzwa China. Sasa zipo za mAh 7,000 na kupita, wembamba ule ule.

Lakini kuna mpaka ambao hauhusu sayansi hata kidogo. Kanuni za kusafirisha mizigo hatari huweka kiwango cha wati-saa 20 kwa seli moja ya lithiamu. Ikizidi hapo, mzigo huingia kwenye masharti magumu na gharama hupanda. Betri ya mAh 5,000 ni wati-saa 19 na kidogo. Sasa unajua kwa nini simu za kampuni nyingi zimekwama kwenye 5,000 kwa miaka. Wanaotaka kupita huigawa betri iwe seli mbili, jambo ambalo huongeza bei.

Kuhusu kioo juani nitasema kwa ufupi. Karatasi nyeupe chini ya jua la mchana hung'aa kwa niti 25,000 hivi, niti ikiwa kipimo cha mng'ao. Simu nzuri hufika 1,000 au 2,000, za bei nafuu chini ya hapo. Simu inashindana na jua, na jua haliwezekani. Mbaya zaidi, ikipandisha mwanga hupata joto, na ikipata joto hujipunguza mwanga yenyewe ili kulinda betri, saa ile ile unayoihitaji. Njia ya kweli ni kioo kisichotoa mwanga bali kinachorudisha mwanga wa jua, kama karatasi. Vioo vya wino wa kielektroniki vipo. Mwaka 2013 simu ya Kirusi iitwayo YotaPhone ilikuwa na vioo viwili, cha rangi mbele na cha wino nyuma. Haikudumu sokoni. Ingekuja kwa wavuvi na makuli wa gati, huenda hadithi ingekuwa nyingine.

Maji ya chumvi sasa. Hapa ndipo fundi wa Langoni alipoacha kazi na kunikalisha kitako.

Ile alama ya IP68 iliyoandikwa kwenye boksi ina maana mbili: 6 ni kwamba vumbi haliingii kabisa, 8 ni kwamba simu imevumilia kuzamishwa kwa kina na muda uliotajwa na kampuni. Jaribio hilo hufanywa kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, simu ikiwa mpya. Chumvi hufanya mambo mawili. Hupitisha umeme, kwa hiyo kwenye tundu la chaja shaba huanza kulika pale pale umeme ukiwepo. Na haipai. Mtu yeyote aliyepita mashamba ya chumvi ya Gongoni anaelewa: maji huondoka, chumvi hubaki. Ndiyo maana mchele hausaidii. Ukiitumbukiza simu kwenye mchele, hata tukikubali kwamba mchele unavuta unyevu, chumvi imebaki juu ya bodi ikingoja unyevu wa usiku, na hewa ya Amu haikosi unyevu. Simu iliyoingia maji ya bahari huzimwa mara moja, wala haichajiwi. Ile iliyozibwa husuuzwa nje kwa maji baridi, na iliyopenyeza ndani hufunguliwa na fundi akaisafisha kwa spiriti. Haraka ndiyo dawa. "Wakiniletea siku ya tatu," fundi alisema, "nakuta kijani."

Ombi la kuzuia maji linagombana moja kwa moja na ombi jingine, la betri unayoweza kuibadili mwenyewe. Simu inazuia maji kwa sababu imegandishwa kwa gundi. Betri huzeeka, baada ya mizunguko kama 800 ya chaji hubaki na asilimia 80 hivi ya uwezo wake, na joto la kwetu huiharakisha. Siku ya kuibadili fundi lazima aitie moto gundi na kuifungua, na tangu hapo ile IP68 ni maandishi tu. Nililipata hili mwenyewe. Nilibadilishiwa betri mahali fulani, sikuambiwa kwamba kinga imeondoka, na wiki mbili baadaye rasharasha la bahari kwenye boti ya Mokowe likaimaliza simu pamoja na picha zote za arusi ya dada yangu. Picha zile hazikurudi, na bado nikizikumbuka roho inaniuma.

Je, lazima ugomvi huu uwepo? Hapana. Galaxy S5 ya mwaka 2014 ilikuwa na mgongo wa kufunguka kwa ukucha, na ilizuia maji kwa ukingo wa mpira. Samsung wanaendelea kuunda aina iitwayo XCover kwa mtindo huo, kwa wafanyakazi wa nje. Gharama yake ni unene. Umoja wa Ulaya umeamua kwamba kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vidogo ziwe za kubadilika na mtumiaji, ingawa sheria zao zimeachia mlango simu zenye betri ya kudumu na zinazozuia maji. Tangu Juni 2025 wanadai pia simu zinazouzwa kwao zipate vipuri kwa miaka 7 na masahihisho ya programu kwa miaka 5 tangu aina hiyo iache kuuzwa. Jambo hili la masahihisho ni la kutiliwa maanani. Simu nyingi za bei nafuu hufa zikiwa nzima: kioo kizima, betri inashika, lakini kampuni imeacha kuzitumia masahihisho, na siku moja WhatsApp hukataa kufunguka kwa kuwa toleo ni la zamani. Fairphone ya Uholanzi iliahidi miaka 8 kwa simu yake ya 2023, kwa hiyo inawezekana. Mtu wa Lamu anayelipa mdogo mdogo, kila siku shilingi kadhaa kwa mwaka mzima, anastahili kuambiwa dukani, kabla hajatia saini, simu hiyo itatunzwa mpaka lini.

Nimebakiza ombi la mwalimu wa madrasa. Macho yake yamechoka, kuandika kwa kidole ni tabu, anataka aseme na simu iandike. Tulijaribu pamoja. Alimtumia mwanawe ujumbe wa sauti-kwa-maandishi akimwita kwa Kiamu, lahaja yetu ya hapa: ndoo. Simu ikaandika ndoo, na iko sahihi kwa herufi, lakini ilipotafsiri kwa Kiingereza ikaleta chombo cha kutekea maji. Sisi tukisema ndoo tunasema njoo. Njia kwetu ni ndia, macho ni mato, chini ni tini, maji ni mai. Na kucheka ni kuteka, neno ambalo kwa Kiswahili sanifu ni kuchota maji au kuchukua mtu kwa nguvu. Mama wa Amu akiiambia simu kwamba mwanawe anateka, mashine isiyomjua inaweza kudhani kuna uhalifu.

Mashine ya kusikia sauti haina masikio kama yetu. Hufundishwa kwa saa nyingi za watu wakisema, kila sentensi ikiwa na maandishi yake kando, kisha hubashiri: baada ya sauti hii na maneno haya, neno gani lina uwezekano mkubwa zaidi? Kama haijapata kumsikia Mwamu, itabashiri neno la sanifu kila mara. Sanifu yenyewe ilijengwa juu ya Kiunguja, kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930, na lahaja zetu za kaskazini, zilizobeba tenzi za karne nyingi, zikabaki kando. Tukikaa kimya sasa zitaachwa kando mara ya pili, na safari hii na mashine.

Sehemu hii ya simu ya kesho haitengenezwi kiwandani peke yake. Mradi wa Common Voice wa Mozilla hupokea sauti za wasemaji wa Kiswahili, mtu anasoma sentensi kwa simu yake na mwingine anaikagua, na mkusanyo unaachwa wazi kwa yeyote. Lakini hapa pia pana ugomvi. Nahodha anataka simu imsikie akiwa baharini, ambako hakuna mtandao wa kuipeleka sauti kwenye kompyuta kubwa za mbali. Basi mashine yote lazima ikae ndani ya simu, na mashine ya namna hiyo hula kumbukumbu na chaji. Kumbukumbu ni pesa. Tumerudi kwenye betri ile ile na mfuko ule ule.

Kwa hiyo nilirudi kwao wote na swali la pili, gumu zaidi: mko tayari kupoteza nini? Mama wa mahamri alisema kamera, moja inamtosha. Kijana wa boti alisita sana, kisha akasema hawezi kupoteza kamera lakini kasi ya michezo anaiacha. Mwalimu alisema rangi za kioo. Fundi alisema gundi, kabla sijamaliza kuuliza.

Nahodha alinyosha mkono akaniomba simu yangu, mpya, nyembamba, akaipima kiganjani. Vidole vyake vimekakamaa kwa kamba na chumvi, na simu ikamteleza mara mbili.

"Huu wembamba," akasema. "Wauchukue wote. Mahali pake watie betri, na huo mdomo wa kusema na mbinguni."

Maji yalikuwa yamejaa. Akashuka ngazi za gati na kamba mpya begani, akamwita kijana wake apime urefu wa mlingoti.